Kinanda cha Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou: Ala ya Kuazima na Suala la Umiliki katika Sanaa

Utangulizi

Kusini mwa Maniema, katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, Kiswahili ni lugha iliyofika kutoka kwingine. Katika karne ya 19 kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, kikapita Kabambare, kikatua Kasongo ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoiteka Kasongo mwaka 1893, utawala wa wafanyabiashara hao ulikoma, lakini lugha yao haikuondoka nao. Wenyeji waliibakiza, wakaitia lafudhi na misamiati ya lugha zao, wakaombea, wakabembelezea watoto na kuzikia wafu kwayo. Leo hakuna anayemuuliza mkazi wa Kabambare ana haki gani ya kulia kwa Kiswahili. Swali analoulizwa mara nyingi zaidi ni lingine: kama Kiswahili chake ni safi.

Maswali haya mawili, la umiliki na la usafi, ndiyo yanayomkabili pia mwanamuziki wa Kiafrika anayeketi mbele ya piano. Ala hiyo ilitoka Ulaya, ikaletwa na misheni, shule na majumba ya watawala. Anayeipiga kwa kanuni za Ulaya huambiwa kuwa ni mwigaji. Anayeipiga kwa kanuni za kwao huambiwa kuwa bado hajajifunza. Makala haya yanachunguza maisha na kazi ya msanii mmoja wa Afrika Mashariki aliyekabiliwa na hukumu hizo mbili kwa muda mrefu kuliko wengi: Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou wa Ethiopia (1923–2023), mtunzi, mpiga piano na mtawa. Hoja kuu ni kwamba kazi yake hulijibu swali la umiliki kwa njia ileile ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Maniema walilijibu, yaani kwa matumizi. Hoja ya pili ni kwamba uhakiki mwingi uliomhusu umeshughulikia mno ajabu ya maisha yake na kuipuuza fani ya utunzi wake.

Neno kinanda na historia ya ala

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi katika jambo hili. Neno kinanda ni la kale katika mwambao. Lilitaja ala ya nyuzi ya jamii ya gambusi, iliyopigwa pamoja na mashairi ya tumbuizo. Ala nyingine zilipoingia, neno halikutupwa wala halikubaki na maana moja. Lilipanuliwa likabeba kodiani, ogani ya kanisani na piano. Waumini waliosikia ogani ya misheni kwa mara ya kwanza hawakuhitaji kuazima jina. Walikuwa nalo tayari.

Taarabu ya Unguja inatoa mfano wa pili. Klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 ilijenga muziki wake juu ya udi, kanuni na fidla, ala ambazo hakuna hata moja iliyobuniwa Unguja. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, msikilizaji wa Zanzibar hakuuliza fidla imetengenezwa wapi. Alisikiliza maneno, alisikiliza sauti, akatambua ya kwao. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa mwimbaji huyo, aliona kuwa maisha ya mwanamuziki ni mada inayostahili nathari nzito ya Kiswahili. Ni masikitiko kwamba wachache tu wamefuata njia aliyoifungua.

Hata hivyo kuna tofauti moja muhimu. Katika taarabu, neno la Kiswahili ndilo lililoifanya ala ya kigeni kuwa ya nyumbani. Shairi lilikuwa mwenyeji na fidla ilikuwa mgeni wake. Mtu anayetunga kwa ajili ya piano peke yake, bila mwimbaji wala shairi, hana mwenyeji huyo. Ni lazima ala yenyewe iseme.

Hali hiyo ni adimu hata katika muziki wa kuandikwa wa Kongo. Joseph Kiwele (1912–1961), mtunzi wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, anakumbukwa zaidi kwa wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, dola ambayo aliitumikia pia kama waziri wa elimu. Missa Luba iliyotokea Kamina na kurekodiwa mwaka 1958 ilijulikana duniani kote, na mwaka 1990 ikarekodiwa upya na kwaya ya Muungano ya Kenya chini ya Boniface Mganga. Lakini kazi hizo zote ni za sauti za watu na maneno, na zote zilikuwa na bwana wa kuzisimamia, ama kanisa au dola. Tena, Missa Luba ilitokana kwa kiasi kikubwa na ubunifu wa waimbaji wenyewe papo kwa papo, ilhali jina lililoenea pamoja nayo ni la padri Mbelgiji Guido Haazen. Anayetafuta katika ukanda huu mtunzi wa piano pekee, mwenye jina lake juu ya kazi yake na mwenye mkusanyiko wa kutosha wa tungo, hulazimika kutazama kaskazini, Addis Ababa.

Maisha: kati ya ruhusa na katazo

Yewubdar Gebru alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923 katika familia yenye cheo. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, alikuwa msomi na mwanadiplomasia aliyewahi kuwa meya wa Gondar. Akiwa na umri wa miaka sita, Yewubdar alipelekwa shule ya bweni Uswisi pamoja na dada yake Senedu, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia katika bunge la Ethiopia. Huko Uswisi ndiko alikojifunza fidla na piano. Kwa hiyo piano haikumjia kama mapambo ya ukubwani. Aliipata katika umri ambao mtoto hupata lugha.

Aliporudi nyumbani, historia ilimkatiza. Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia mwaka 1935. Watu watatu wa familia yake waliuawa, na mwaka 1937 yeye na jamaa zake walichukuliwa mateka wakapelekwa kisiwa cha Asinara na kisha Mercogliano, karibu na Naples. Baada ya vita alikwenda Cairo kusoma kwa mpiga fidla wa Kipolandi Alexander Kontorowicz, akifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, hata afya yake ikadhoofishwa na joto la Misri. Alirejea Addis Ababa, na Kontorowicz naye akaja kufundisha bendi ya walinzi wa mfalme.

Ndipo lilipotokea tukio ambalo waandishi wote wa habari zake hulirudia. Alipata nafasi ya kwenda kusoma muziki London, lakini hakuruhusiwa kuondoka. Alikataa chakula, akawa mahututi hata akapewa huduma za mwisho za kanisa. Alipopona aliupa kisogo muziki wa Ulaya kwa muda, akaenda kwenye monasteri ya Gishen Mariam katika milima ya Wollo, akawa mtawa na kukaa huko miaka kumi, akitembea bila viatu. Jina la Tsegué-Maryam, lenye maana ya Ua la Mariamu, ni la utawa. Emahoy ni cheo cha heshima cha mtawa wa kike katika Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia.

Baada ya kutoka mlimani alirudi kwenye piano, na sasa alikuja na elimu mbili. Huko Gondar alichunguza muziki wa ibada unaonasibishwa na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Katika mji huohuo aliwaona vijana wanafunzi wa kanisa waliolala nje na kula kwa kuombaomba, na hali yao ilimgusa. Santuri zake za kwanza, zilizotolewa Ujerumani katika miaka ya 1960, zilikusudiwa kuchangia fedha za kusaidia wahitaji. Mapinduzi ya mwaka 1974 yalimwangusha Mfalme Haile Selassie na kuleta utawala wa kijeshi wa Derg. Mwaka 1984 Emahoy alihamia Jerusalem, akaishi katika monasteri ya Kiethiopia hadi alipofariki tarehe 26 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 99.

Tukio la kunyimwa ruhusa limesimuliwa kama mkasa wa kipaji kilichozikwa. Usomaji huo una ukweli, lakini haukamiliki. Kama angesoma London katika miaka hiyo, yamkini angekuwa mpiga piano hodari wa kazi za watu wengine. Katazo lilimuumiza kiasi cha kukaribia kumuua, na hakuna sababu ya kulipamba. Hata hivyo, lililofuata katazo hilo ni utunzi uliofanyika mbali na walimu, majaji na kumbi, na utunzi huo ndio unaostahili kuchambuliwa.

Fani: piano inayojifunza kuimba

Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia umejengwa juu ya mifumo ya sauti tano iitwayo qenet, na minne inayotajwa zaidi ni tizita, bati, ambassel na anchihoye. Kila mmoja una mpangilio wake na hisia zake. Tizita ni neno lenye maana ya kumbukumbu, na pia ni jina la aina ya nyimbo za majonzi ya kukumbuka. Mwimbaji wa mifumo hiyo, au mpiga masinko na krar, huivuta sauti, huitetemesha na kuitelezesha kutoka noti moja hadi nyingine. Uzuri wa muziki huo umo zaidi katika njia ya kuifikia noti kuliko katika noti yenyewe.

Piano haina uwezo huo. Kila kibao chake hutoa sauti moja iliyopimwa na kufungwa na fundi. Haivutiki wala haipindiki. Hapa ndipo penye tatizo halisi la kifani kwa mtunzi wa Kiethiopia, na hapa ndipo uhodari wa Emahoy unapoonekana. Badala ya kuilazimisha ala ifanye isiloweza, anaizungushia noti kuu noti ndogo za haraka. Anaigusa ya jirani kabla ya kutua, anaitetemesha kwa kuipokezanisha na mwenzake, anaporomosha mfululizo mfupi wa sauti na kusita mwishoni. Msikilizaji hupata hisia ya sauti iliyovutwa ingawa hakuna kilichovutwa. Katika mapokeo ya piano ya Ulaya madoido ya namna hii kwa kawaida ni pambo juu ya muziki. Kwa Emahoy ndiyo uti wa muziki, kwa maana yakiondolewa kinachobaki ni mifupa ya noti tano tu.

Jambo la pili ni mapigo. Katika vipande vyake vingi mkono wa kushoto hushika mwendo mwepesi wa mapigo matatu, unaokumbusha dansi ya walzi ya Ulaya, huku mkono wa kulia ukienda kwa uhuru wa anayesali au kusimulia. Mikono hiyo miwili haikubaliani kikamilifu. Wa kushoto huhesabu, wa kulia huchelewa, huwahi, hukaa kimya pale ulipotarajiwa, kisha huharakisha kama mtu aliyekumbuka jambo. Kipande kiitwacho kwa Kiingereza "The Homeless Wanderer", yaani Mzururaji Asiye na Makao, ni mfano bora. Kiimbo chake huanza safari, hurudi mahali pale pale, hubadilisha kidogo tu namna ya kuondoka, kisha huondoka tena. Hakuna kilele cha kishindo kama kile ambacho msikilizaji wa muziki wa Ulaya wa karne ya 19 angekisubiri. Hatua za mzururaji hazina mwisho uliopangwa, na umbo la utungo limeikubali hali hiyo.

Jambo la tatu ni urudiaji. Mhakiki aliyezoea kanuni za sonata anaweza kuona kuwa tungo hizi hazikui, kwamba wazo halipanuliwi wala halipambanishwi na wazo pinzani. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi lawama hiyo haina uzito mkubwa. Mtambaji wa hadithi na mwimba utenzi hurudia bila kukosa mawazo. Kila marudio huja na kituo kipya. Utungo wa Emahoy unafuata mantiki hiyo. Tofauti imo katika sekunde ya kusita, katika doido lililoongezwa au kuachwa, na anayesikiliza juu juu hataisikia.

Haifai, hata hivyo, kumsifu msanii bila kupima. Mkusanyiko uliotolewa mwaka 2006 una vipande 16, na anayeusikiliza kwa mfululizo atagundua kuwa baadhi yake vinafanana kupita kiasi. Mwendo wa mkono wa kushoto hujirudia kutoka kipande hadi kipande, na mahali pengine tofauti kati ya huzuni ya kipande kimoja na utulivu wa kingine hubebwa na jina zaidi kuliko na sauti. Masafa ya kihisia ni membamba. Hasira, kwa mfano, karibu haipo, ingawa maisha ya mtunzi yangeweza kuihalalisha. Mtu anaweza kulieleza jambo hilo kwa utawa, lakini maelezo hayo hayaondoi ukweli kwamba wigo wa kazi ni mdogo. Ukubwa wa Emahoy umo katika kuchimba mahali pamoja kwa kina.

Majina ya vipande na maudhui

Kwa kuwa vipande vingi havina maneno, majina yake hubeba mzigo wa maudhui. Yakipangwa pamoja, majina hayo huunda makundi matatu. La kwanza ni la Maandiko Matakatifu: Golgota, Bustani ya Gethsemane, Mto Yordani. La pili ni la maumbile: upepo, bahari, na Abayi, mto ambao wengine huuita Nili ya Buluu. La tatu ni la binadamu walio ukingoni: mzururaji, mwendawazimu anayecheka, msichana anayelalamika, marehemu na machozi yake ya mwisho, mtu aliye mbali anayekumbuka kwao.

Kundi la tatu linastahili kutazamwa kwa makini. Emahoy alizaliwa katika nyumba ya wakubwa, akaimba mbele ya mfalme, akasoma katika shule za gharama. Lakini watu anaowapa nafasi katika majina ya tungo zake ni wasio na makao, na vijana aliowaona wakilala nje huko Gondar wako karibu sana na mzururaji huyo. Hapa kuna tofauti kati yake na watunzi wengi waliolelewa na ikulu na makanisa, ambao kazi yao ilikuwa kuwatukuza waliowalea. Si rahisi kupata katika vipande hivi utungo wa kumtukuza mtawala.

Kuhusu kutamani kwao, wasomaji wa Maniema hawahitaji maelezo marefu. Kabambare imepitiwa na maasi ya Simba ya mwaka 1964, na vita vilivyoanza mwaka 1996 na 1998 viliwatawanya watu wa mashariki ya Kongo kwa mara nyingine. Mtu aliyewahi kuondoka usiku na kurudi baada ya miaka kukuta nyumba imemezwa na kichaka anaelewa kwa nini kiimbo kinarudi mahali pamoja kila mara bila kutulia hapo.

Nyimbo zenye maneno

Mwaka 2024, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ilitolewa albamu iitwayo Souvenirs, yenye nyimbo ambazo Emahoy alizirekodi kati ya mwaka 1977 na 1985 kwa kinasa sauti cha kawaida, akiimba mwenyewe kwa Kiamhari na kujipigia piano. Kutokea kwake kunaongeza jambo la msingi katika uhakiki. Hadi wakati huo wasikilizaji wengi walimjua kama mtunzi wa muziki usio na maneno, na kimya chake kilifasiriwa kuwa cha kitawa, kana kwamba alikuwa amejitenga na mambo ya dunia.

Nyimbo hizi zinaupinga ufasiri huo. Miaka zilipoanza kurekodiwa ni miaka ya Ugaidi Mwekundu, ambapo utawala wa Derg uliwaua maelfu ya vijana na kuwafanya wengi waikimbie nchi. Maudhui yake ni nchi, kuondoka na kukumbuka. Wimbo mmoja, kama jina lake linavyoonyesha, unamuuliza aliye mbali kama huko aliko kuna jua au mawingu. Mwingine unamwonya asiisahau nchi yake. Kuuliza hali ya hewa ni salamu ya kawaida kabisa. Lakini katika nchi ambamo barua hufunguliwa na majirani hupotea, salamu ya kawaida ndiyo njia salama ya kuuliza yale yasiyoulizika. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, anayejua mafumbo ya taarabu na mashairi ya kujibizana, ataitambua mbinu hiyo mara moja.

Sauti yake katika rekodi hizo ni nyembamba na haikufundishwa kwa ajili ya jukwaa. Kinachoonekana ni kwamba piano haiandamani na sauti kwa mbali kama mtumishi. Inatembea nayo hatua kwa hatua, mara nyingi ikitoa kiimbo kilekile na madoido yaleyale. Kwa hiyo nyimbo hizi ni ufunguo wa vipande visivyo na maneno. Zinaonyesha kwamba mkono wa kulia katika vipande vile ulikuwa ukiimba tangu mwanzo. Kilichoachwa ni maneno tu.

Mapokezi na kasoro za uhakiki

Emahoy alijulikana duniani akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, pale Mfaransa Francis Falceto alipoziingiza tungo zake katika toleo la 21 la mfululizo wa Éthiopiques mwaka 2006. Huduma hiyo ni kubwa. Lakini mfululizo wenyewe ulijengwa hasa juu ya muziki wa bendi za Addis Ababa za miaka ya 1960 na 1970, na kuwekwa humo kuliwafanya wasikilizaji wengi wamsikie kama jamaa wa jazi na bluzi. Mwaka 2017 kipindi cha redio cha BBC kilichosimulia maisha yake kwa heshima kilipewa jina lililomwita mtawa wa piano ya vilabu vya pombe vya Marekani. Wengine walimlinganisha na Wafaransa Satie na Debussy. Filamu za Marekani, ikiwemo Passing ya mwaka 2021, ziliutumia muziki wake kuleta hali ya ndoto na majonzi.

Ulinganisho si dhambi. Ni chombo cha kawaida cha uhakiki. Kasoro ni mwelekeo wake. Kila mlinganisho uliotajwa unaanzia kwa kinachojulikana Ulaya na Marekani na kuishia hapo hapo. Sauti tano zinazosikika kama bluzi zilikuwa katika nyimbo za Ethiopia kabla bluzi haijapata jina. Uhuru wa mapigo unaosikika kama Satie una asili ya karibu zaidi katika uimbaji wa kanisa aliouchunguza Gondar. Mhakiki anayeanza na qenet na ibada ya Yared, kisha akaja kwenye piano ya Uswisi na Cairo, atasikia mazungumzo ya elimu mbili ndani ya mtu mmoja. Anayeanza upande mwingine atasikia mwangwi wa kwao tu.

Kasoro ya pili ni kuabudu wasifu. Binti wa meya, mateka, mtawa asiyevaa viatu, ajuza wa Jerusalem: habari hizi ni za kweli na zinavutia, na ndiyo sababu huchukua kurasa zote. Kinyume chake, kazi yenye manufaa zaidi kwa wanafunzi wa muziki ilikuwa ile ya mwaka 2013, ambapo mpiga piano Maya Dunietz alishirikiana na mtunzi kuchapisha maandishi ya muziki wake. Tungo iliyoandikwa inaweza kupigwa na mwingine, kukosolewa, kufundishwa na kuharibiwa. Inaacha kuwa ajabu ya mtu mmoja na kuwa sehemu ya mapokeo.

Hitimisho

Maisha ya kisanaa ya Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou yanaonyesha kwamba ala ya kuazima huwa ya nyumbani kwa njia zilezile ambazo lugha ya kuazima huwa ya nyumbani. Anayeipokea huitumia katika mambo yake mazito, huibadilisha pale inapomkatalia, na hatimaye huweza kusema kwayo jambo ambalo mwenye asili yake hakuwahi kulisema. Kiswahili cha Kasongo na Kabambare kilipita njia hiyo. Kwa hiyo anayekipima kwa usafi peke yake anakosea kama anavyokosea anayeipima piano ya Emahoy kwa kanuni za London alikozuiwa kwenda.

Kwa wanaofundisha na kusoma Kiswahili vyuoni, kazi hii inaacha madai matatu. Kwanza, istilahi za Kiswahili za kuchambulia muziki usio na maneno bado ni haba. Maneno kama kiimbo, madoido, kituo na mwendo yamo katika lugha na yanaweza kutumika kwa usahihi zaidi, badala ya kila mhakiki kuanza upya. Pili, wasifu wa wanamuziki, ambao Shaaban Robert aliupa heshima mapema, unahitaji waandishi watakaosikiliza kazi kabla ya kusimulia maisha. Tatu, wapo wapiga vinanda na watunzi wa kwaya katika parokia na shule za Maniema ambao hawana santuri wala maandishi ya muziki. Emahoy alikaribia umri wa miaka 90 ndipo maandishi ya muziki wake yakachapishwa. Wapiga vinanda wa Kasongo na Kabambare wasilazimike kungoja muda huo ilhali wanafunzi wenye daftari, kinasa sauti na lugha moja nao wapo karibu.